Bomba Lililopotea Mara Tatu

Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Kwanza nikuulize: mkono wako umevunjika? Au kalamu imekushinda uzito? Tangu mwaka uanze sijaona hata bahasha tupu kutoka kwako, na bado unajiita mjukuu. Babu yako angekuwa hai angekupa talaka.

Salamu zangu ndizo hizo. Mimi sijambo. Goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linauma jioni, yamegawana zamu. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo zangu, nimemwachia kapu. Baba yako mkubwa hajambo, anazidi kunenepa na kutoa amri ndani ya nyumba niliyoijenga mimi na mume wangu. Mkewe simsalimii wala sikuletei salamu zake. Unajua ni nani aliyekuwa akimega sabuni ya kijani ya kuogea ya babu yako bafuni, kipande leo, kipande wiki ijayo, akidhani sina macho. Mtu akishaniibia sabuni hana la kunieleza.

Sasa neno lenyewe. Baba yako mkubwa anataka kulikata gari la babu yako vipande, pale uani ajenge banda la kuku. Kasema gari lisilotembea ni takataka. Nikamwambia, na wewe je, unashinda kwenye kiti tangu asubuhi, nawe tukukate? Kesho yake akaja na futi kamba akapima. Tumebishana mpaka jirani akazima redio yake asikilize vizuri. Mwisho tumekubaliana hivi: injini ikinguruma kabla mwezi wa saba haujaisha, gari linabaki na kuku akawafugie chumbani kwake. Isiponguruma, watu wa vyuma chakavu wanakuja na misumeno tarehe moja mwezi wa nane.

Usije ukadhani nalipenda hilo gari. Unajua nilivyoapa kwamba sitakaa ndani yake, na sijakaa. Babu yako aliliita bi mdogo mbele yangu. Kila Ijumaa alikuwa akiliogesha kwa maji ya uvuguvugu, na mimi mkewe wa ndoa naoga ya baridi. Lakini mke mwenza ni mke mwenza. Kumchukia ni kazi yangu, sitaki mtu mwingine aje amkate.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Nataka bomba la mafuta, lile linalotoka kwenye tangi huko nyuma, likapita chini ya tumbo la gari mpaka kwenye pampu kule mbele. Na mipira yake ya kuungia, na vibano vyake. La zamani nimeshalitoa mwenyewe. Ndiyo, mimi. Nililala juu ya gunia na spana ya babu yako, siku mbili. Jipya atalifunga fundi baiskeli wa hapa jirani. Anajua kufunga na hajui kuuliza, ndiyo maana nampenda.

Wewe ndiye fundi magari wa ukoo huu, picha ya ovaroli tumeiona. Basi lifanye.

Usinipigie simu. Sisikii mpaka niiongeze simu sauti, na nikiiongeza baba yako mkubwa anajua mpaka rangi ya soksi zako. Andika.

Na unakuja lini?

Bibi yako


Tarehe 19 Machi

Shikamoo bibi,

Nimekosa, nisamehe. Mimi mzima. Hapa ninapokaa mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani bila kutuambia, sasa wapangaji wote tuna nyayo za kijani na kila mtu anajua nani aliingia kwa nani. Gereji kazi ni nyingi. Wiki hii nimeshusha injini mbili, na bosi amenipa funguo za stoo. Pole na magoti. Msalimie baba mkubwa, na mama mkubwa pia, hata kama hutaki.

Bomba nitalitengeneza kwa mikono yangu. Nitatumia chuma, si shaba. Watu wanapenda shaba kwa kuwa inapinda kirahisi, lakini gari likitetemeka muda mrefu shaba huchoka ikapasuka. Mipira nitaweka mipya yote, ile ya zamani hata kama inaonekana mizima ndani imeshakauka.

Ila bibi, bomba la mafuta si fimbo. Linaruka ekseli, linakwepa ekzosi, linajibana kwenye fremu. Kona moja ikikosea likagusa ekzosi, gari litawaka, na hapo habari ya kuku itakuwa ndogo. Kwa gari la umri ule hakuna bomba la dukani. Naomba unitumie la zamani lilivyo, hata kama limeoza. Nitalilaza mezani na kupinda jipya juu yake, kona kwa kona. Dereva wa lori la magodoro anapita huko kila baada ya wiki mbili, nimeshasema naye. Atalilaza katikati ya magodoro.

Kuja nitakuja kazi zikipungua.

Mjukuu wako


Tarehe 6 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi wazima. Paka amehamisha watoto, sasa wako ndani ya gari, kiti cha nyuma. Nimewaacha wakae, angalau kuna mtu analifaidi.

Bomba la zamani halipo. Alipita mtu wa vyuma chakavu nikiwa jikoni, akalichukua. Yamekwisha hayo.

Lakini mimi si mjinga, nilikuwa nimeshalipima. Ndani ya bahasha hii utakuta uzi wa kushonea magunia. Urefu wake ndio urefu wa bomba. Kila fundo ni kona. Kitambaa chekundu maana yake bomba linapanda, cheupe linashuka. Cha maua linageukia upande wa jikoni, cha bluu linageukia upande wa jirani mwenye mbwa. Anzia kwenye tangi. Sijapita darasa la tatu, lakini uzi huu hata mbwa wa jirani angeuelewa. Ukikosea baada ya maelezo haya, rudisha ovaroli ya watu.

Hukunijibu unakuja lini. Kazi zikipungua si tarehe.

Bibi


Tarehe 30 Aprili

Shikamoo bibi,

Natumaini mnaendelea vizuri, wewe na paka. Nyayo za kijani zimeanza kufutika.

Uzi wako niliutundika ukutani gerejini nipate kuusoma. Mafundi wenzangu wakadhani ni hirizi. Bosi alikataa kupita chini yake siku nzima, akawa anazunguka nje ya jengo kwenda ofisini kwake. Nilipomweleza kwamba ni ramani ya bibi yangu, akasema hiyo ndiyo imemtisha zaidi.

Bomba liko tayari, limo kwenye lori pamoja na mipira minne na vibano vinane. Mwambie fundi baiskeli atoe waya wa betri kwanza, na wewe usiwashe jiko uani siku hiyo. Watoto wa paka muwatoe.

Bibi, jambo moja halijaniingia akilini. Mtu wa vyuma chakavu anaingia uani, anaona rimu nne na betri iliyokufa, anaviacha, anachukua bomba jembamba kama kidole?

Mjukuu wako


Tarehe 18 Mei

Wewe mtoto,

Ukiona karatasi hii ina mikunjo ujue niliikunja kwa hasira nikaikunjua kwa kuwa sina nyingine. Salamu baadaye.

Bomba lilifika. Dereva wa magodoro alilishusha kama analeta jeneza, mtaa mzima ukatoka. Fundi baiskeli akaingia chini.  Kisha nikasikia, "Mh."  Akatoka, akaniambia nijionee mwenyewe. Bibi yako nikainama na magoti haya. Bomba lako linatoka kwenye tangi vizuri, linaruka ekseli vizuri, halafu linakata kona na kwenda zake. Badala ya kuishia kwenye pampu limechungulia nje chini ya mlango wa dereva kama kasa. Na baba yako mkubwa yuko dirishani, anakunywa maji ya barafu polepole.

Nikatazama jikoni. Nikatazama kwa jirani mwenye mbwa. Vyote viko palepale. Nikaanza kukutukana kwa sauti. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kuniuliza neno, akaniuliza: "Bibi, hili gari zamani si lilikuwa linaangalia barabarani?"

Ndipo nikakumbuka. Baada ya mazishi niliwaita vijana wakalisukuma wakaligeuza, makalio yake yaelekee dirisha la baba yako mkubwa, maana alishaanza kulitazama vibaya. Sasa pua iko ukutani. Wewe ulilipinda kama gari bado linaangalia barabara, kwa hiyo upande wako wa jikoni ni upande wangu wa jirani mwenye mbwa. Bomba zima limegeuka.

Kosa ni lako, ungeuliza.

Tengeneza jingine, maua yawe bluu na bluu iwe maua. Na la zamani usiniulize tena, limetumbukia kisimani, huko chini ni giza.

Salamu. Wote hatujambo.

Bibi


Tarehe 5 Juni

Shikamoo bibi,

Pole sana kwa aibu. Na mimi nimeionja, kwa sababu hapa nilijisifu.

Sitapinda bomba jingine kwa uzi. Si kiburi, bibi. Uzi unaniambia kona iko wapi, hauniambii ni kali au ya taratibu. Kwa ekzosi iliyo karibu vile, tofauti ya kidole ni moto. Na wewe unalala hatua sita kutoka kwenye gari hilo.

Mwezi wa nne bomba la zamani lilichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Mwezi wa tano limetumbukia kisimani. Alilirudisha lini?

Mjukuu wako


Tarehe 14 Juni

Lilichukuliwa na jirani mwenye mbwa. Amelifanya mlingoti wa antena. Liko juu, halishukiki.

Fanya kwa uzi.

Bibi


Tarehe 22 Juni

Shikamoo bibi,

Bomba moja limepotea mara tatu, na kila likipotea linapotelea mahali papya. Zimebaki wiki tano na siku chache. Chuma cha bomba kipo mezani, vifaa vipo, mikono ipo. Kinachokosekana ni bomba la zamani, na wewe unajua liko wapi.

Sikuulizi kuna nini ndani yake. Nitumie tu.

Mke mwenzako


Tarehe 29 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yameacha zamu, sasa yanauma yote kwa pamoja. Baba yako mkubwa ameleta mbao za banda. Mkewe amezipanga uani kwa ukubwa wake, bila kuambiwa.

Bomba hilo hapo. Limo ndani ya mkeka niliomkabidhi dereva wa magodoro. Halijaenda kisimani. Lilikuwa chini ya godoro langu tangu mwezi wa tatu na limenivunja mbavu. Hukusema huniulizi kuna nini ndani? Na usiulize kweli. Nakwambia mwenyewe, na ukishasoma barua hii uitie motoni.

Unakumbuka miaka ile ya mwisho babu yako akiendesha. Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na moja, akavuka mito na mitaro, hakugonga hata kuku. Macho yakaanza kufifia. Alianza kwa kusalimia watu wasio wake. Kisha akapitia uzio wa shule, akaingia na kutoka upande wa pili, akasema barabara imetengenezwa vibaya.  Siku moja nimesimama pale kona, karibu na duka la vipuri, na kapu langu la mboga. Namwona anakuja na bi mdogo wake, polepole. Akasimama kando ya nguzo ya umeme. Akanyoosha mkono nyuma akafungua mlango, akasema, "Ingia mzee, nakupitisha." Akangoja. Nguzo haikujibu. Akangoja tena. Mwisho akasema, "Haya, kama hutaki," akafunga mlango akaondoka amechukia. Jioni wakati wa chakula alinilalamikia kwamba watu wa siku hizi hawana adabu.

Ningemwambia nini? Niseme, mume wangu, huoni?  Ningeficha ufunguo, angetengeneza mwingine.

Sasa sikiliza. Tulipokuwa wachanga katika ndoa nilisafiri naye kwenye lori, jiwe likatoboa tangi, petroli inamwagika katikati ya njia. Akachukua mche wangu wa sabuni ya kufulia, akaupaka kwenye tundu mpaka likaziba, akaniambia, "Shika hili, mke wangu: petroli haili sabuni." Tukafika tulikokuwa tunakwenda. Sikulisahau hilo.

Nikajikaza kisabuni. Mchana mmoja amelala, tangi likiwa karibu tupu, niliingia chini ya gari. Nikavua mpira wa kuungia bomba kule nyuma, nikaviringisha sabuni ile ile ya kufulia kama uzi mnene, nikaishindilia ndani ya bomba kwa spoku ya baiskeli. Nikarudisha mpira, nikaenda kupika.

Gari halikuwaka tena. Alibadilisha plagi, alifungua kabureta, alisafisha hiki, akakaza kile. Miaka sita, kila siku anaingia chini ya gari asubuhi, anatoka jioni. Nikawa nampelekea chai huko huko chini, asubuhi na alasiri, naona miguu yake tu. Hakupata ugonjwa wa gari lake. Amekufa akijiona fundi mbovu, na aliyemfanya ajione hivyo ni mimi. Fundi yeyote angelitoa hilo bomba angeiona sabuni, na mtaa mzima ungejua kwamba mke wa dereva alimziba mumewe. Ndiyo maana nilisema limekuwa antena.

Sasa umejua. Usinitumie maneno matamu. Nitumie bomba.

Bibi


Tarehe 12 Julai

Shikamoo bibi,

Bomba jipya linakuja na lori hili linalobeba barua. Nimelipinda juu ya lile la zamani, kona kwa kona, nimelipima mara tatu. Safari hii halitachungulia popote.

Barua yako sijaichoma. Kwanza nataka nikuonyeshe kitu. Ndani ya mkeka utakuta kipande cha bomba la zamani, urefu wa shubiri moja, nimekipasua kwa urefu kwa msumeno. Kitazame kwenye mwanga. Ndani kabisa kuna sabuni ya njano iliyokauka ikasinyaa mpaka ikaacha upenyo ukutani mwa bomba. Hiyo ni yako, ya kufulia. Petroli ingepita pembeni yake, bibi. Sabuni yako ingeshikilia miezi kadhaa tu.

Juu yake kuna sabuni ya kijani. Ina tabaka nyingi, moja baada ya nyingine, nyingine bado inanukia. Hiyo si ya kufulia. Unajua nani alikuwa akioga kwa sabuni ya kijani nyumbani kwenu.

Babu alijua. Alijua tangu wiki ya kwanza. Bibi, dereva wa miaka thelathini na moja, gari linakosa mafuta, aache kutazama bomba? Mwaka ule niliokuja likizo, nimeanza kujifunza ufundi, nilipiga magoti kando ya gari nikamwambia, babu, mafuta hayafiki, nikutolee bomba? Akanishika mkono kutoka kule chini. Alikuwa na mto wa kulalia, na karanga ndani ya kopo, na redio ndogo sikioni. Akaniambia, "Acha. Nilimfundisha mtu mmoja tu duniani kwamba petroli haili sabuni." Akaniambia ile siku ya nguzo alifika mbele kidogo akatambua ilikuwa nguzo. Akarudi nyumbani akatafuta namna ya kukwambia haoni, akashindwa, akalalamika habari ya adabu. Ulipomziba alishukuru. Sabuni yako ilipoanza kulegea, akawa anaongeza ya kwake.

Nikamuuliza, kwa nini usimwambie bibi, mkacheka yaishe? Akasema, "Usimwambie. Ataacha kuniletea chai."

Nilimwahidi. Ndiyo maana sikukuuliza kuna nini ndani ya bomba na ndiyo maana naogopa kuja, utanitazama usoni na kunisoma.

Si hilo tu. Nikija mtaniambia niendeshe. Bibi, sina leseni. Nimeanguka mtihani wa udereva mara nne. Mara ya mwisho mtahini alishuka gari likiwa bado linatembea. Hapa gerejini mwenzangu ndiye anayeingiza na kutoa magari, mimi husema nina kazi chini. Naona nimemrithi babu.

Naomba msamaha kwa niaba yake na yangu.

Mke mwenzako


Tarehe 25 Julai

Wewe, na yule aliyelala kaburini,

Nawasema wote wawili, na yeye atanisikia kuliko wewe. Mmenifanya mjinga. Miaka sita nainama na magoti haya, asubuhi na alasiri, sinia mkononi, nampelekea chai mtu aliyevunjika moyo, kumbe bwana mkubwa amejinyoosha juu ya mto anatafuna karanga na kusikiliza taarifa ya habari. Nilikuwa namwekea sukari vijiko vitatu kwa huruma. Tatu. Na mto wenyewe naujua. Niliutafuta mwaka mzima.

Kipande cha bomba nilikitazama kwenye mwanga kama ulivyosema. Nikakinusa. Nikakaa kitandani mpaka chungu kikaungua, na wali wa mchana tuliula na ukoko. Zaidi ya hapo sikuelezi, wewe umeshajua mengi kuliko umri wako.

Kisha nikakumbuka sabuni iliyokuwa ikimegwa bafuni. Mtoto wa watu, mke wa baba yako mkubwa, nimemnunia miaka minane. Mimi siombi radhi, sijui inaanzia wapi. Nilikwenda dukani nikanunua mche mzima wa sabuni ya kijani, nikampelekea jikoni kwake nikauweka mezani. Akauliza, "Ya nini, mama?" Nikamwambia ya kuogea, kwani wewe huogi? Akaitazama ile sabuni, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Sijui alielewa nini. Jioni aliniletea maji ya kukanda magoti, na sikumfukuza.

Sasa gari. Fundi baiskeli alilifunga bomba lako asubuhi moja. Limelala kwenye fremu kama limezaliwa pale. Mipira imeingia, vibano vimekaza, tukafunga betri mpya, tukamimina petroli, tukakagua kila kiungo kwa kidole, hakuna tone. Paka na wanawe tukawatoa. Baba yako mkubwa akaja na futi kamba yake kiunoni, akasimama kando ya mbao zake. Fundi baiskeli akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Bi mdogo akakohoa. Akazungusha tena. Akakohoa, akapiga chafya, akanguruma, akatoa wingu jeupe la moshi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeelekeza makalio yake kule, moshi wote ukaingia dirishani kwa baba yako mkubwa. Ulikaa humo siku mbili.  Alifungua futi kamba kiunoni akaiweka juu ya mbao, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Sasa kwa mbao zile anatengeneza kabati.

Amejitolea kuliendesha. Nimekataa. Amejitolea kunitafutia dereva. Nimekataa. Liko uani, linawashwa kila asubuhi linanguruma, linazimwa.

Sasa sikia utakachofanya, na usinijibu kwa barua.

Kamtafute yule mtahini, umwombe radhi, ufanye mtihani wa tano. Safari hii usimtazame yeye, tazama barabara. Ukifaulu, njoo Jumamosi inayofuata. Ukianguka, njoo Jumamosi hiyo hiyo, utashika usukani injini imezimwa, na baba yako mkubwa atasukuma, ana nguvu zimekaa bure. Njoo na chujio jipya la mafuta, hili limeanza kutoa povu.

Mimi nitakaa mbele, kando yako. Nimeshapangusa kiti. Kiapo nilikiapa mimi na mimi ndiye ninayekivunja, asiniulize mtu.

Tutakwenda mpaka pale kona, duka la vipuri. Usimame kando ya nguzo ya umeme, si mbali, karibu kabisa. Unyooshe mkono nyuma ufungue mlango. Ungoje kama alivyongoja yeye, usiharakishe. Halafu ufunge, unirudishe nyumbani.

Bibi yako